Kioo Kimoja, Pedi Mbili

Msafiri avukaye feri ya Likoni na kuishika barabara ya kusini, ile ielekeayo Lunga Lunga hata mpakani, akishaipita Waa na njia panda ya Kombani, huingia Tiwi kabla hajaufikia mto Mwachema, ambao penye mlango wake, chini ya mibuyu, umesimama msikiti wa kale wa Kongo. Aghalabu wageni hupita Tiwi bila kushuka, kwa kuwa macho yao yamekwisha kutangulia Diani, nasi hatuwalaumu, maana mengi ya Tiwi hayaonekani kutoka dirishani mwa matatu. Mojawapo ni kibanda cha mabati chenye pazia la kanga mlangoni, ambamo vijana hulipa shilingi chache kwa kila mechi, wakakaa wawili wawili juu ya benchi moja mbele ya televisheni moja, kila mmoja na pedi yake mkononi, na aliyefungwa huinuka ampishe mwenziwe.

Mashine inayowachezesha ni PlayStation 2, ya umbo lile jembamba lililotolewa mwaka 2004. Siku moja nilimkuta mwenye kibanda ameifunua tumbo, anaipangusa lenzi kwa pamba iliyotiwa spiriti, kwani hewa ya bahari haina huruma kwa chuma wala kwa kioo. Nilimwuliza kwa nini hanunui mpya, akanijibu kwa adabu, "Mzee, mpya zaomba intaneti kabla hazijaomba diski, hii haiombi kitu ila umeme." Jibu hilo lilinikaa moyoni muda mrefu, kwa sababu siku zile zile nilikuwa nikisoma malalamiko ya watunzi wa michezo wa Ulaya na Marekani, wanenao kwamba mashine dhaifu ni mzigo shingoni mwao, na kwamba laiti si hiyo wangalitunga mambo ambayo jicho halijapata kuyaona. Nikajiuliza kama ni kweli. Na kwa kuwa swali la namna hii halijibiwi ila kwa kurudi nyuma, ndipo nikaifuata historia yake tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe yafaa tuuweke mwezi wa Septemba 1977, kampuni ya Atari ya Marekani ilipoanza kuuza mashine iliyoitwa Video Computer System, ambayo baadaye ilijulikana zaidi kwa jina la Atari 2600. Prosesa yake ilikwenda kwa mwendo wa megahezi 1.19, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu. Msomaji asiye na mazoea ya hesabu hizi na azingatie kwamba baiti moja huweka herufi moja, kwa hiyo sentensi hii anayoisoma sasa isingeenea yote ndani ya mashine ile, hata kama ingeondolewa kila kitu kingine kilichokuwamo. Na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiweka picha, ilibidi picha isiwekwe kabisa. Televisheni za siku zile zilichora mstari baada ya mstari, kutoka juu hata chini, mara 60 kwa sekunde kwa mtindo wa Kimarekani. Na mwandishi wa programu alilazimika kuiambia mashine cha kuchora katika kila mstari, wakati ule ule mwale ukipita, naye kwa kila mstari alijaliwa mizunguko 76 ya prosesa na si zaidi. Hali yake ilifanana na ya mwanamke asukaye ukili, ambaye hana mkeka mzima mbele ya macho yake bali ana miyaa vidoleni, na mwaa mmoja ukichelewa kuingia, kosa litakaa mkekani hata mkeka uchakae.

Fauka ya hayo, chombo cha kuchorea cha Atari kilijua vitu vitano tu viwezavyo kutembea juu ya kioo: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja. Sababu yake ni kwamba waliokiunda walikuwa na michezo miwili mitatu tu akilini, ya vifaru vipigavyo mizinga na ya mpira urushwao huku na huku. Hawakutaraji kwamba watu wangeitaka mashine ile kwa miaka mingi baada ya hapo, wala kwamba wangeitaka ifanye mambo ambayo haikuzaliwa nayo.

Katika mwaka 1982 yalitokea mambo mawili juu ya mashine hiyo moja, na mtu akiyaelewa mawili hayo atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya yale yaliyofuata. La kwanza lilikuwa Pac-Man. Mchezo huu ulitungwa Japani katika kampuni ya Namco mwaka 1980, kwa ajili ya mashine kubwa za kutiwa sarafu, nao ulikuwa na mdomo wa manjano unaokula vidonge na mizimu minne inayoufukuza. Atari wakautaka uingie nyumbani kama ulivyo. Mwandishi aliyepewa kazi hiyo, Tod Frye, alikuwa na kilobaiti 4 za kaseti, pamoja na ile mashine ijuayo wachezaji wawili tu. Kwa hiyo mmoja akamfanya mdomo, na mwingine akamgawanya kwa mizimu yote minne, kila mzimu ukaonyeshwa kwa zamu yake. Matokeo yake mizimu ikawa inapepesa kama taa ya kibatari penye upepo, vidonge vikawa vijiti, na rangi zikakosa ule uchangamfu wa asili. Watu waliununua kwa mamilioni, kisha wakanung'unika kwa mamilioni.

La pili lilikuwa Pitfall!, alioutunga David Crane wa kampuni ya Activision kwa mashine ile ile, mwaka ule ule, katika kilobaiti 4 zile zile. Huyu hakuleta kitu kilichokwisha kushonwa kwa mwili mwingine. Alianza na mashine yenyewe, akauliza yaweza nini. Alimtaka mtu akimbie msituni, arukie kamba, akanyage vichwa vya mamba, atafute hazina 32 kwa muda wa dakika 20, na msitu wenyewe uwe na vioo 255, yaani sura 255 za mahali, ambazo kama zingeandikwa moja moja zisingeenea katika kaseti ile kwa hali yoyote. Basi hakuziandika. Alitunga hesabu fupi ambayo ukiipa namba moja hukupa namba inayofuata, na ukiigeuza hukurudisha kwenye namba iliyotangulia; na kila namba, vipande vyake vikisomwa, husema hapa pana shimo, hapa pana nge, hapa pana mti wa namna hii. Msitu mzima ulikaa ndani ya baiti chache sana, kama mbuyu ndani ya mbegu yake. Hakuna aliyecheza Pitfall! akalalamika kwamba mashine ni dhaifu.

Sipendi mtu adhani kwamba nasema Frye alikuwa mvivu na Crane alikuwa hodari. Frye alipewa agizo, Crane alijipa mwenyewe. Isitoshe, mapema mwaka 1983 mchezo wa Ms. Pac-Man ulitolewa kwa Atari hiyo hiyo, kaseti yake ikiwa na kilobaiti 8, ukatoka mzuri kiasi cha kuwashangaza waliochukizwa na ule wa kwanza. Tofauti iliyopo ni ya kuanza na udhaifu au kuufikia mwisho wa safari, na kwa rai yangu tofauti hiyo ndiyo inayopita katika historia yote hii.

Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za hanafuda, iliuza Japani mashine iitwayo Family Computer, na miaka miwili baadaye ikaipeleka Marekani kwa umbo jingine. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2, yaani mara 16 ya Atari, na iliweza kuonyesha vitu 64 viendavyo, ila visizidi vinane katika mstari mmoja. Vikizidi, vya ziada havionekani, na ndiyo maana watunzi walivizungusha kwa zamu, hata maadui wakawa wanapepesa wakijipanga wengi. Mchezo wa Super Mario Bros., uliotoka tarehe 13 Septemba 1985, ulikaa katika kilobaiti 40 tu, sauti, picha na njia zote zikiwa ndani. Anayetazama kwa makini ataona kwamba mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja, wingu limepakwa weupe na kichaka kimepakwa ukijani. Mario mwenyewe, aliyezaliwa katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, alivikwa kofia kwa sababu nywele hazikuchoreka vizuri kwa nukta chache zile, akapewa masharubu ili pua itengane na uso bila kuchora mdomo, na akavaa ovaroli ili mikono yake ionekane ikienda. Sura ijulikanayo leo na watoto wa dunia nzima ilichorwa na uhaba.

Sisi wa Pwani ya kusini wengi wetu hatukuijua Family Computer yenyewe, bali tulijua viigizo vyake, vilivyoletwa kutoka Mashariki ya mbali na kuuzwa madukani Mombasa pamoja na saa za ukutani na redio: sanduku jepesi la plastiki, pedi mbili zisizochomoka, bunduki ya kupigia bata, na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina michezo 9999 ndani yake, ilhali mwenye subira ya kuihesabu aligundua kwamba michezo ilikuwa michache, ikirudiwa kwa majina mengine. Mimi nilikuwa na subira hiyo likizo moja ya Agosti. Bunduki ile, kwa faida ya asiyejua, haikurusha kitu: mtu akivuta kichochezi, kioo kiligeuka cheusi kwa kitambo kisichotambulika na jicho, na mahali alipo bata pakawaka mraba mweupe, bunduki ilikuwa ni jicho linalotazama kama limeelekezwa kwenye weupe huo. Hila hiyo ilitegemea mwale wa televisheni za kale, na kwa hiyo televisheni bapa zilipoenea, bunduki zote zile ziligeuka vipande vya plastiki.

Pana udhaifu mwingine ambao haukuwamo mashineni bali katika umeme na mitambo ya nchi. Kenya, kama Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, ilifuata mtindo wa televisheni uitwao PAL, uchorao picha mara 50 kwa sekunde, hali Marekani na Japani huchora mara 60. Mchezo uliopimwa kwa 60 ukiwekwa katika mashine ya 50 bila kurekebishwa hupungua mwendo kwa sudusi nzima: mkimbiaji hukimbia polepole, na muziki nao hujivuta. Wako watunzi waliorekebisha kwa insafu, na wako waliopeleka hivyo hivyo, wakaacha na mistari miwili myeusi juu na chini ya kioo kama alama ya kutojali kwao. Mteja wa mbali, kabla hajawa na mashine dhaifu, huwa ana mashine iliyosahauliwa.

Nakuja sasa kwa mtu ambaye, kama ningeruhusiwa kuuchagulia mtaa jina hapa Tiwi, ningeupa lake. Gunpei Yokoi aliingia Nintendo mwaka 1965 kuwa fundi wa kuangalia mitambo ya karata. Rai yake, aliyoishika hata kufa kwake mwaka 1997, ilikuwa kwamba maarifa mapya ni ghali na hayajulikani tabia zake, bali maarifa yaliyokwisha kuzeeka ni rahisi, yanajulikana kasoro zake zote, na kazi ya mtu mwenye akili ni kuyapa matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kwa rai hiyo timu yake ilitoa Game Boy tarehe 21 Aprili 1989: kioo cha nukta 160 kwa 144, kisicho na rangi ila vivuli vinne vya ukijani, kisicho na taa ndani yake, na kumbukumbu ya kilobaiti 8. Washindani wake walicheka. Atari wakatoa Lynx mwaka ule ule, na Sega wakatoa Game Gear mwaka 1990, zote mbili zenye rangi na taa, zote mbili nzuri kutazama. Ila zilikula betri sita kwa saa chache tu, na Game Boy ilitosheka na betri nne kwa saa kumi na zaidi. Sisi tuliokuwa tukizianika betri za redio juani juu ya bati ili zipate pumzi ya mwisho, hatuhitaji kuelezwa kwa nini Game Boy ilishinda. Pamoja na ndugu yake wa rangi iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mchezo uliouzwa pamoja nayo katika nchi nyingi ulikuwa Tetris, na asili yake inazidi kuithibitisha rai hiyo. Alexey Pajitnov aliutunga Moscow mwaka 1984 juu ya kompyuta iitwayo Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha ya aina yoyote, ila kuandika herufi; naye akaviunda vipande vyake kwa mabano, mawili mawili, yakaanguka yakapangana. Mtu aliyekulia penye bao hawezi kustaajabu. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi za kunamua. Na penye uhaba wa ubao, wazee wa Kidigo huchimba mashimo mchangani chini ya mwembe wakaokota kokoto au komwe. Hakuna mashine dhaifu kuliko mchanga, na bado mabingwa wa bao wamekuwa wakihesabu mitaji kwa vina ambavyo mwanachuoni wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alivisafiria mpaka Zanzibar ili avichunguze, akaandika kitabu mwaka 1995 juu ya mipaka ya akili ya binadamu.

Na kwa Game Boy hiyo hiyo, ilipokaribia umri wa miaka saba na kila mtu akiihesabu miongoni mwa maiti, mchezo wa kukusanya wanyama uitwao Pokémon ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Kaseti ilijaa pomoni hata hapakuwa na nafasi ya mnyama mmoja zaidi. Lakini zana za kutafutia makosa zilipoondolewa mwishoni, zikabaki takriban baiti 300, na mwandishi mmoja, Shigeki Morimoto, akamfinyanga mnyama wa 151 akamtia katika upenyo huo kimya kimya. Jina lake Mew, na uvumi wa kuwapo kwake ulichangia mauzo ya mchezo huo kuliko matangazo mengi.

Nyakati za PlayStation ya kwanza nitazipita upesi, ijapokuwa zina kisa kimoja kisichofaa kuachwa. Mashine hiyo ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 1994 ikiwa na megabaiti 2 za kumbukumbu, haikuweza kuuchora mji wote hadi upeo wa macho. Waliotunga Silent Hill ya mwaka 1999 katika kampuni ya Konami waliufunika mji wao kwa ukungu na giza, ili yasiyochoreka yasitakiwe kuchorwa; na kwa kuwa mchezo ulikuwa wa kutisha, ukungu ukawa ndio roho yake, hata leo mtu akiutaja mji ule huutaja kwa ukungu wake.

Kisha ikaja PlayStation 2, mwezi wa Machi 2000, yenye megabaiti 32. Iliuzwa zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya michezo ya sebuleni iliyoifikia. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2013, lakini katika nchi kama zetu habari hiyo haikubadilisha neno. FIFA 14 ilitolewa kwa ajili yake mwaka huo huo, na Pro Evolution Soccer 2014 ikafuata Novemba, mwezi ule ule PlayStation 4 ilipoanza kuuzwa. Nisiseme uongo: michezo hiyo ya mwisho ilikuwa kama kanzu ya zamani iliyopigwa pasi, wachezaji wamehamishwa timu na jezi zimebadilishwa, ila mwendo wa mpira ni ule ule wa miaka ya nyuma. Hilo nalo ni tokeo la mashine dhaifu ikishaachwa na mabwana zake: haifi, bali haiongezewi akili. Wachezao Tiwi wanalijua vizuri, na wanajua kupiga ile pasi ya juu ambayo mlinzi wa kompyuta hajapata kuizoea tangu wao hawajabalehe.

Wenzetu wa Afrika ya Mashariki walipoanza kutunga michezo yao, walikutana na swali lile lile kwa sura kali zaidi. Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mchezo wa kompyuta wenye sura tatu, alioujenga kwa jitihada yake. Kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana mwaka 2009 kuunda kampuni ya Leti. Kosa la zama zile halikuwa katika kipaji bali katika idadi: wenye kompyuta za kuuchezea walikuwa wachache, na wenye kununua wachache zaidi. Walakini mwaka ule ule wa 2007 M-Pesa ilianza, nayo haikungoja watu wanunue simu za maana. Ilikaa ndani ya kadi ya simu, ikaenda hata katika simu ya kioo cheusi na cheupe, na kila mvuvi wa Tiwi akaijua. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa kutoka chini ya bahari, ng'ambo tu ya feri yetu, na simu ikageuka kuwa mashine ya michezo ya mtu asiye na mashine. Nairobi X ya mwaka 2015, mchezo wa kupiga risasi uliotungwa na timu ya Andrew Kaggia, ulitengenezewa simu pia. Na Free Fire, wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017, uliwaingiza wapiganaji 50 mahali ambapo wengine waliingiza 100, ukamaliza vita kwa dakika kama kumi, ili simu rahisi isichemke wala kifurushi kisiishe kabla mshindi hajapatikana. Ndipo ukapendwa na vijana ambao simu zao zilikuwa zimekataliwa na michezo mingine.

Kati ya watunzi hawa, kisa cha Lual Mayen hunirudia mara kwa mara. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan Kusini, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akafikisha dola 300, akamnunulia kompyuta. Na kwa kuwa kambini hapakuwa na umeme, kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo alioutunga aliuita Salaam, ukamtaka mchezaji atafute amani badala ya kuwaua maadui, na akawagawia wenziwe kwa Bluetooth, simu kwa simu. Mwaka 2018 alitunukiwa Marekani katika The Game Awards. Mtu huyu hakuhitaji kusomeshwa juu ya mashine dhaifu, maana hata mwendo wa saa tatu ulikuwa sehemu ya mashine yake.

Tuyarudie malalamiko niliyoyataja mwanzoni. Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo wa Cyberpunk 2077 kwa kompyuta na kwa mashine kongwe za michezo. Juu ya PlayStation 4 ya asili, yenye diski ya mwendo wa pole, mchezo ulivunjika vibaya, mitaa ikawa mitupu na watu wakatokea ghafula hewani, hata Sony wakauondoa dukani mwao baada ya juma moja, usirudi mpaka Juni 2021. Mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, Marcin Iwiński, alikiri hadharani Januari ile kwamba waliutaka uwe wa fahari juu ya kompyuta kwanza, ndipo wakaupunguza uingie katika mashine za kale. Ni Pac-Man ya mwaka 1982 iliyovaa suti.

Kisha kuna Xbox Series S, mashine ya Microsoft ya Novemba 2020, iliyouzwa dola 299 ilhali ndugu yake mkubwa, Series X, aliuzwa 499. Huyu ana gigabaiti 16 na yule mdogo ana 10. Sharti la Microsoft lilikuwa kwamba mchezo usinyimwe mdogo kitu ambacho mkubwa amepewa. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilipotoa mchezo wa Baldur's Gate 3 mwezi wa Agosti 2023 kwa kompyuta, na Septemba kwa PlayStation 5, toleo la Xbox lilikwama, kwa kuwa Series S haikuweza kuwachezesha watu wawili juu ya kioo kimoja kilichogawanywa. Haki yao tuwape: katika mpira uwanja ni mmoja na jicho ni moja, kwa hiyo wa pili haongezi gharama, bali katika mchezo ule kila mmoja aweza kwenda njia yake, na mashine hulazimika kuishika dunia mara mbili. Hata hivyo gigabaiti 10 ni mara 320 ya zile megabaiti 32 za kibandani Tiwi, na nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Maana sharti lililegezwa, mchezo ukatoka kwa Xbox mwezi wa Desemba 2023, na kitu kilichokatwa kutoka mashine ya bei ya chini, mashine ya mtu mwenye televisheni moja na nduguze wengi, kilikuwa hicho hicho cha kukaa wawili. Mwenye fedha, aliyeweza kumnunulia kila mtoto mashine yake, ndiye aliyeachiwa.

Larian hawakuliacha jambo hapo. Waliendelea kupunguza kumbukumbu iliyotumiwa na mchezo wao, marekebisho baada ya marekebisho, kwa muda wa zaidi ya mwaka, kazi ambayo wangaliweza kuianza tangu siku ya kwanza. Na marekebisho ya nane, yaliyotoka mwezi wa Aprili 2025, yaliwarudishia wenye Series S kioo cha watu wawili.